Rili Tatu za Kambare

Fomu ya kuomba vifaa ilikuwa na nafasi kumi na moja za kujaza, na Kambare alikuwa amekwama kwenye ya nne. Ya kwanza, kazi ya mwombaji, aliijaza bila shida: mzamiaji mkuu. Ya pili, miaka ya utumishi, akaandika ishirini na saba, akaitazama ile namba kama mtu anayetazama mzigo aliodhani ameshautua. Ya tatu, ukubwa wa glovu, akaandika "kubwa", kama alivyoandika siku zote. Ya nne ilitaka aina ya rili iliyochaguliwa na sababu ya kuichagua. Hapo kalamu ikagoma. Akaikunja fomu, akaitia mfukoni, akaenda nayo nyumbani Ijumaa ile. Jumatatu saa nne asubuhi ilitakiwa iwe mezani kwa mtunza stoo.

Kambare ni jina la kazini. Alipewa kwa sababu riziki yake ilikuwa topeni. Idara ya maji ya mji ule ilikuwa na bwawa, na chini ya bwawa palikuwa na chumba cha zege ambamo maji hupita kabla ya kuingia kwenye bomba kuu. Ndani yake matawi, magugu na mifuko ya plastiki hujikusanya kwenye wavu wa nondo kama wajumbe kwenye kikao chenye posho. Kila baada ya miezi miwili pampu huzimwa, Kambare na mwenzake wakaingia mle kusafisha. Watu mjini hufungua bomba, wakaoga, wakaenda zao. Hakuna aliyewahi kumshukuru, naye hakuwa na kinyongo, maana hata yeye hakumjua anayepanda nguzo za umeme.

Mle chumbani tochi ni pambo tu, humulika tope likakurudia usoni. Kinachomrudisha mtu kwa watoto wake ni kamba. Anayetangulia hushika rili, kile kigurudumu kilichozungushiwa kamba, akafunga ncha kwenye ngazi ya nje, pale ambapo mshika kamba angekaa kuwasubiri kama idara ingekuwa naye, kisha akaenda akiiachia kamba nyuma yake. Kazi ikiisha mnaishika kamba, mnaifuata kwa vidole mpaka nje. Lakini mtu aliyehangaika na magugu nusu saa gizani hujigeuza mara kumi, na kamba haina mbele wala nyuma. Kwa hiyo kila mita tatu Kambare alifunga mafundo mawili yaliyokaribiana, moja kubwa na moja dogo. Dogo hukaa upande wa mlango. Ukigusa, ukajua dogo liko wapi, umejua kwenu ni wapi. Ukikosea unaelekea ndani zaidi, na mtungi wa hewa hauna huruma, unapungua tu.

Baada ya miaka mingi ya kuomba, mhandisi mkuu alikubali vifaa vipya. Ofisi ile ilikuwa ukoo wa kambare wa kweli, baba ana ndevu, mama ana ndevu, mtoto ana ndevu, na kila mwenye ndevu alitaka atoe maoni juu ya rili asizowahi kuzishika. Mwishowe mhandisi alichoka na kelele, akasema achague anayezamia. Akaja muuzaji, shati limepigwa pasi hadi mifukoni, na sanduku la sampuli. Akamvika Kambare kilemba cha ukoka kwa nusu saa nzima, eti mikono kama hii haipatikani siku hizi. Kambare alimsikiliza huku akifikiria kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Vitu vingine havikumsumbua. Miwani alichagua ya mpira mweusi ulio laini, isiyo na rangi za harusi. Viatu vya mapezi alichagua vyenye mkanda wa springi, kwa kuwa bizimu za plastiki hukatika siku unayozihitaji. Visu alivikataa, akataka mkasi mfupi, maana kamba ya nailoni ikikunasa mguuni kisu kitakukata wewe kwanza. Kulabu yoyote iliyohitaji mikono miwili kufunguka aliisukuma pembeni. Kwake kifaa kilikuwa na swali moja tu: nikiwa na glovu, sioni, na tope limeingia kila tundu, bado kitafanya kazi? Muuzaji aliacha kutabasamu kidogo kidogo. Rili zilikuwa tatu, na Kambare aliomba kukaa nazo hadi Jumatatu.

Jumapili mchana alijaza beseni maji, akamwaga humo makopo mawili ya udongo, akakoroga kwa mwiko mpaka mkewe akamwambia mwiko huo asiurudishe jikoni. Mkewe ni fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa hapo hapo sebuleni, karibu na dirisha. Kambare alifunga mafundo yake kwenye kamba za rili zote tatu, kubwa na dogo, kubwa na dogo, akavaa glovu. Mkewe akamfunga kitambaa machoni.

"Nikuhesabie dakika?"

"Hesabu. Na usinisaidie."

"Nani akusaidie, nina sketi tatu hapa."

Rili ya kwanza ilikuwa ya chuma kinachong'aa, imefunikwa pande zote, ina breki na kitu muuzaji alichokiita mfumo. Mfumo ule ulikunywa tope, ukalia kama mlango mbovu, ukakwama kabla dakika mbili hazijaisha. Kambare hakushangaa. Akaiweka chini.

Ya pili ilikuwa kitu kidogo cha plastiki ngumu, haina mpini wala breki, tundu tu katikati la kupitisha kidole. Hapakuwa na cha kuharibika. Ilizunguka topeni kama imezaliwa humo, na Kambare alijua, tangu mzunguko wa kwanza, kwamba hii ndiyo. Kisha akaanza kutafuta mafundo kwenye kamba yake nyembamba. Akapitisha vidole mara moja, mara mbili. Alijua yapo, kwa kuwa aliyafunga mwenyewe saa moja iliyopita. Alipolipata moja hakujua ni kubwa au ni dogo. Alivua glovu, akajaribu kwa mkono mtupu. Kidole gumba kilimwambia kitu, vile vingine vinne vikanyamaza.

Cherehani ilikuwa imesimama.

"Baba, vidole hivyo vina nini?"

"Maji ya baridi."

"Maji hayo nimeyachota bombani sasa hivi, na jua lote hili." Akaiweka sketi pembeni. "Tangu lini? Mficha maradhi..."

"Namjua anayemuumbua. Endelea na sketi zako."

Hakukusudia kumjibu hivyo. Ilikuwa hofu, na hofu yake siku zote ilitoka mdomoni imevaa ukali. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Mzamiaji asiyeisikia kamba kwa vidole hupelekwa ofisini kupanga mafaili, au nyumbani, na yeye hakujua kupanga mafaili wala kukaa nyumbani. Zaidi ya hapo alikuwa amechoka, uchovu wa miaka na miaka, ule usioondoka kwa kulala, na mtu aliyechoka hivyo hapendi kuanza jambo jipya, hata liwe la kweli.

Rili ya tatu ilikuwa dude. Mpini mkubwa kama wa mashine ya kusaga, kamba nene, mafundo yake manene kama zabibu. Mpini ule ungenasa kila nondo, na uzito wake ungeuchosha mkono wowote mdogo kabla hata ya kufika kwenye wavu. Lakini mafundo aliyasikia. Kubwa, dogo. Kubwa, dogo. Alikaa sakafuni, kitambaa bado machoni, akayapitia yote kama mtu anayesali. Kisha akafungua macho, akachukua fomu, akaandika kwenye nafasi ya nne: rili kubwa ya kamba nene. Sababu: kamba hukatikia pembamba. Alijiona mjanja kwa muda mfupi sana.

Ili kujituliza, alitoa begini rili yao ya zamani, ile wanayoitumia kila siku, iliyofifia rangi na kukwaruzwa kila upande. Kamba yake ilikuwa nyembamba kama ile ya rili ndogo. Akafumba macho, akapitisha vidole. Kubwa, dogo. Safi kabisa. Akaifuata kamba hadi mwisho bila kukosea hata fundo moja, moyo ukapanda.

"Mama, umeona? Sina neno. Kamba za siku hizi ndizo mbovu."

Mkewe aliacha kazi, akachukua ile kamba, akaileta karibu na dirisha kama anavyotazama mshono wa fundi mwingine.

"Hii mipira umeizungusha wewe?"

"Mipira gani?"

Kwenye kila fundo kubwa, kutoka la kwanza hadi la mwisho, palikuwa na kipande chembamba cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kimezungushwa mara tatu, kikabanwa kwa uzi mweusi. Kilikuwa na rangi ya kamba iliyolowa tope, ndiyo maana jicho lilikipita.

"Aliyefanya hivi ana vidole," mkewe alisema taratibu. "Na ana subira. Ni wewe?"

Kambare alianza kuizungusha kamba kwenye rili. Rili ile iliguswa na watu wawili tu duniani.

Wa pili aliitwa Sindano, kwa wembamba wake na kwa namna alivyopenya mahali wengine walipokwama. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na ni Kambare aliyemfundisha kazi tangu jinsi ya kupumua. Jumatatu saa moja na nusu alimkuta kwenye chumba cha vifaa akianika suti za kuzamia kwenye waya. Kambare hakusalimia. Akaweka rili ya zamani juu ya meza.

"Binti. Hii mipira."

Sindano alimaliza kuanika suti aliyoishika, akaivuta mikono ikanyooka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii mipira, tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Ile siku tuliposafisha baada ya mafuriko."

Kambare aliikumbuka. Walipomaliza kazi aliishika kamba, akaanza safari ya kutoka, na ghafla Sindano akamvuta mguu, akamvuta tena, mpaka akageuka kwa hasira na kumfuata. Walipotoka juu alimgombeza mbele ya mafundi wa pampu wote. Alimwambia mtu mwenye pupa ya kutoka atamuua mwenzake.

"Nilikuwa naelekea ndani," alisema.

"Ulikuwa umeshaingia mita sita."

"Na nikakutukana."

"Hukunitukana. Ulinigombeza."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningekwambia nini, mzee? Kamba yenyewe umenifundisha wewe kuishika. Nikasema basi nifunge mipira, labda itatosha." Alikaa juu ya kreti, akatazama mikono yake. "Mwanzo ilitosha. Siku hizi, tukirudi, nahesabu mafundo yangu, halafu nahesabu na yako. Nakufuata nimeshika mguu wako. Nina mtoto darasa la pili." Sauti haikupanda. "Nimechoka, mzee. Sijui kusema vingine. Nimechoka kututoa sote wawili."

Kambare alisimama pale. Miaka miwili alidhani anamtoa mtu gizani, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akitolewa. Aibu ilimjia, ikafuatwa na kitu asichokitegemea, nacho kilikuwa nafuu. Akatoa mfukoni rili ndogo ya plastiki.

"Lete mkono."

Sindano akanyoosha mkono. Kambare akampitishia rili kidoleni, ikakaa kama imepimwa kwake.

"Inazunguka kwenye tope," alisema. "Haina cha kuharibika. Fumba macho."

Akamnyooshea kamba. Sindano akapitisha vidole, macho yamefumbwa, polepole.

"Kubwa," alisema. "Dogo. Mlango uko huku."

"Ndiyo. Uko huko."

Saa nne kasoro alikuwa dirishani kwa mtunza stoo, mzee mwenye miwani miwili, ya kusomea na ya kutishia watu. Huyu alisoma kila fomu hadi nukta. Akatazama nafasi ya nne, ambapo maneno ya jana yalikuwa yamekatwa kwa mstari mmoja na mengine kuandikwa juu: rili ndogo isiyo na mpini. Sababu: inamfaa mzamiaji. Akapandisha kidole hadi nafasi ya tatu, na hapo kikasimama.

"Na hapa umekosea, Kambare. Glovu ulishaandika kubwa, sasa umekata umeandika ndogo. Mkono wako huu uingie kwenye glovu ndogo?"

"Sijakosea," alisema Kambare. "Si za mkono wangu."

Mtunza stoo akainua macho. Kisha akarudisha kidole kwenye nafasi ya kwanza, akaona kwamba hata hapo palikuwa na mstari, na juu ya maneno "mzamiaji mkuu" yaliyokatwa palikuwa na maneno mengine mawili, kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyeisikia kalamu vizuri vidoleni: mshika kamba.