Kila Mtu na Kikombe Chake

Kwa miaka mingi nilikuwa mdomo wa watu wengine. Kanisani kwetu Gasenyi, hapa Bujumbura, mchungaji huhubiri kwa Kirundi, na pembeni yake, nusu hatua nyuma, husimama mtu wa kuyageuza maneno yake kwa Kiswahili, kwa ajili ya Wakongomani na kwa ajili yetu tuliozaliwa katika mitaa ya zamani ya chini. Mtu huyo nilikuwa mimi. Kazi hiyo ina sheria moja tu. Mchungaji akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Akisema "nilipokuwa mvulana nikichunga ng'ombe wa babangu", unasema hivyo hivyo, wewe mama mzima mwenye kilemba, na hakuna anayecheka. Husemi kamwe "mchungaji anasema". Ukisema hivyo umejitoa nje ya sauti yake, na watu wataanza kukuona.

Niliipenda kazi hiyo kwa sababu ya upweke, sioni haya kulisema. Nyumba yangu ya Mutanga Nord ina vyumba vingi kuliko watu. Mume wangu alifariki. Watoto wako Ulaya na Kanada, hunipigia simu wakiwa ndani ya basi, na nasikia vizuri kengele ya vituo kuliko ninavyowasikia wao. Ofisini Rohero, ninakotunza mafaili, naweza kumaliza siku nzima nimeambiwa "weka hapo" na "asante" peke yake. Lakini Jumapili nilizungumza mpaka koo likauma, na kanisa zima likinitazama, hata kama hakuna neno lililokuwa langu.

Mtu wa kwanza kunitofautisha na kipaza sauti nilichokishika alikuwa mama mmoja muuza majiko. Aliuza majiko ya udongo, yale tunayoyaita imbabura, kando ya barabara ya vumbi juu ya kanisa. Siku moja baada ya ibada alinifuata hadi mlangoni.

"Maman, leo umemukata pasteri. Yeye alisema marefu, we ukatoa fupi."

"Alikuwa anarudia."

"Najua. Ndiyo nimekuja kukushukuru."

Tangu hapo akawa ananisindikiza hadi barabara ya lami. Alikuwa mtu wa kulalamika kwa furaha. Alililalamikia jua, wateja wanaogonga jiko kwa vidole kana kwamba wanabisha hodi, na kwaya, ambayo kwa maoni yake iliimba polepole ili isichafue sare. Sauti yake mwenyewe ilikuwa kubwa na haikufuata wimbo wa mtu. Nilikuwa naanza kuisubiri Jumapili zaidi kwa ajili ya ile njia ya kurudi nyumbani kuliko kwa ajili ya kipaza sauti.

Nikamwalika chai. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, na nilipoleta sinia alifungua mkoba, akatoa kikombe cha plastiki cha kijani kilichofungwa kwa kitambaa, akakiweka mezani.

"Vikombe vipo, mama," nikamwambia.

"Najua viko. Mi niko na changu."

"Kwa nini?"

Alinitazama kuona kama namtania. "Mi ni Mutwa, maman. We ulifikiri nani anafinyanga majiko?"

Watwa ni kabila dogo la wafinyanzi, na nchini kwetu mtu hununua chungu cha Mtwa, akakipikia maharage watoto wake wakashiba, lakini kikombe alichokinywea Mtwa hakigusi. Hakuna sheria inayosema hivyo. Sikumbuki nani alinifundisha, na bado nilikuwa nalijua, kama ninavyojua njia ya kwenda jikoni gizani. Watu wakimpa maji, kikombe kile hutupwa au huachwa nje kwa ajili ya kuku. Kwa hiyo rafiki yangu alitembea na chake, awapunguzie watu hasara. Nikamjazia kile kikombe chake chai, akasema sukari ni kidogo.

Sasa, kanisani tulikuwa na kikombe kimoja cha meza ya Bwana, cha chuma, chenye mikono miwili, tulichoachiwa na wamisionari. Kilipita benchi kwa benchi pamoja na kitambaa cheupe cha kufutia mdomo wake. Mtafsiri akisimama pale mbele huona nyuso zote, na hapo ndipo nilipoona watu wanahama, wasije wakanywa baada ya rafiki yangu. Yule aliyekaa nyuma ya rafiki yangu tangu kanisa lijengwe alisogea mbele, eti macho yamepungua. Familia nyingine ikasogea karibu na feni. Rafiki yangu hakuhama hata kidogo, ila benchi lake likawa la mwisho. Divai iliyobaki baada yake, ambayo zamani shemasi aliinywa, ikawa inamwagwa nyuma ya vyoo.

Msimu huo kulikuwa na ugonjwa wa tumbo mitaa ya chini, na kila mlango wa duka uliwekewa ndoo ya maji na sabuni. Kwa hiyo uamuzi wa wazee wa kanisa ulikuja na uso mzuri kabisa. Mchungaji, ambaye ni mtu mpole kutoka bara, mwenye kuogopa ugomvi kuliko dhambi, alisimama mwisho wa ibada akasema kwamba kuanzia meza ijayo kila mtu aje na kikombe chake kutoka nyumbani, kwa ajili ya afya. Nikatafsiri. Akasema vikombe viwe safi. Nikatafsiri. Kisha macho yake yakaenda benchi la mwisho, nadhani bila yeye kutaka, akasema: "Uamuzi huu haumlengi mtu yeyote. Mbele za Mungu sisi sote ni sawa."

Nilifungua mdomo. Nimewahi kutafsiri jehanamu, nimetafsiri fungu la kumi, nimetafsiri mahubiri ya wageni wanaowagombeza wanawake juu ya nywele zao. Yote yalipita. Hili lilikwama. Mchungaji alidhani sikusikia, akarudia. Nikamwona rafiki yangu kule nyuma anaupanga mkoba wake magotini, akisubiri kama wengine.

Nikasema kwenye kipaza sauti: "Mchungaji anasema uamuzi huu haumlengi mtu yeyote. Mimi sikubaliani naye."

Sauti yangu ilinishangaza. Ilikuwa nyembamba kuliko ile niliyoizoea. Mtu upande wa kushoto akaanzisha pambio, lile lile tunaloliimba umeme ukikatika au mtoto akitapika, ngoma ikaingia, na watu wakaimba wakipiga makofi mpaka maneno yangu yakafunikwa kabisa. Waliimba vizuri sana siku hiyo.

Hakuna aliyenigombeza. Bujumbura tuna adabu yetu. Mchungaji alikuja nyumbani na mzee mmoja wa kanisa, wakaleta kreti ya soda, wakauliza habari za watoto, wakasifu mchungwa wangu uani. Ilipofika nusu ya soda akasema ingefaa nipumzike kidogo.

"Watu wote ni sawa mbele za Mungu, mama, hilo hatubishani."

"Mbele za Mungu, ndiyo. Mimi nauliza mbele ya kikombe."

Alichezea chupa. "Nikikirudisha kile kimoja, watahamia kanisa la ng'ambo ya barabara, familia baada ya familia. Atabaki yeye na mimi. Hiyo ndiyo haki unayomtakia?"

Nilisema tu kwamba mtu ana haki ya kuusema ukweli anaouona. Akajibu, kwa huzuni ya kweli, kwamba pale mbele nilipewa kutafsiri, sikupewa kusema. Walipoondoka nilirudisha chupa kwenye kreti moja moja, nikakaa sebuleni na redio imezimwa.

Kesho yake ofisini nilisimama mbele ya tangazo la haki za binadamu lililobandikwa kwenye korido yetu. Ni la Kifaransa, limepauka kwa jua, na ni mimi ninayelipangusa vumbi. Nilikuwa sijawahi kulisoma hadi chini. Nililisoma polepole, nikiligeuza kwa Kiswahili kimoyomoyo, mpaka mkubwa wangu akauliza kama nimepoteza kitu.

Nilitaka sana mtu mmoja aniambie nimefanya vyema. Nikashuka hadi mtaa niliozaliwa, kwa Mwislamu mmoja muuza vitambaa niliyesoma naye shule ya msingi. Alinisikiliza akiwa na utepe wa kupimia shingoni.

"Sisi kwetu ni bega kwa bega," akasema. "Kwenye sala hakuna mukubwa. Sinia moja, mikono yote ndani."

"Na Mutwa?"

"Akisilimu, bega kwa bega."

"Akiposa binti yako?"

Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "We unatafuta mutu wa kukupa haki, na mi niko napima vitambaa."

Tukacheka, kisha hatukucheka tena. Nilipanda teksi nikarudi.

Kipaza sauti alipewa kijana mwanafunzi wa chuo, mwenye Kiswahili cha haraka. Mimi nikakaa benchi la mwisho, kwa rafiki yangu. Lakini naye alikuwa amebadilika. Alinisalimia kwa mkono wa heshima, akaimba kwa sauti ndogo, na ibada ikiisha alitoka kwa mlango wa pembeni. Ile njia ya hadi lami nikawa naitembea peke yangu. Hilo liliniuma kuliko kipaza sauti. Nilikuwa nimesema kwa ajili yake, ndivyo nilivyojiambia, nikampoteza yeye kwanza.

Jumapili ya meza ikafika. Vikombe vilivyokuja siku hiyo, ungecheka. Kuna aliyeleta glasi ya bia, kuna aliyeleta kikombe cha mtoto chenye sungura, na mama mmoja tajiri alileta cha kaure pamoja na kisahani chake. Mimi sikuleta kitu. Niliamua kukataa, mikono mitupu magotini, kila mtu aone. Shemasi alipofika na birika alinipita bila neno. Rafiki yangu alinyoosha kile kikombe chake cha kijani, akamiminiwa, akanywa mpaka tone la mwisho, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha mkobani. Kati ya watu wote mle ndani ni yeye peke yake aliyejua namna ya kutembea na kikombe.

Nilimfuata kwa mlango wa pembeni, nikamkuta kwenye uzio.

"Umenikasirikia," nikamwambia.

"Apana. Nimechoka." Alihamisha mkoba bega la pili. "Zamani walinihama kimya, na mi nilikuwa najifanya sioni. Sasa kila mutu ananitazama aone kama nalia. Uliniuliza, maman? Mi niko na mudomo."

"Sikukuuliza."

"Na leo kwa nini hukukunywa?"

"Nilikataa. Siwezi kukubali jambo lile."

Alitikisa kichwa. "We ukikataa, wanaulizana kwa nini. Wanakuja na soda. Mi nikikataa, wanashukuru Mungu, wanasema amejiondoa mwenyewe. Ndiyo maana mi nakunywa yote."

Barabarani pikipiki ilipita ikatujaza vumbi, naye akampigia kelele dereva kwa kirefu, hata nikasikia moyo umetulia kidogo kwa kuisikia tena ile sauti.

"Kama unataka kukaa na mi, kaa," akasema. "Usinihubirie. Leta kikombe."

Hakukubali kuja kunywa chai. Nilirudi nyumbani, nikachemsha maji, nikatoa vikombe viwili kwa mazoea, nikarudisha kimoja.

Meza iliyofuata nilibeba kikombe. Nilichukua kile cha udongo mweupe ambacho mume wangu alikuwa akinywea kahawa, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, au labda nilitaka kuwa na mtu. Kwenye benchi letu kulikuwa na mama mmoja mgeni na mwanawe, hawakujua habari zetu. Shemasi alikuja na birika. Mimi, ambaye hata hivyo nilikuwa mke wa marehemu fulani na mtafsiri wa zamani, alinijazia mpaka juu. Kisha akamtilia rafiki yangu nusu.

Rafiki yangu alikitazama changu, akakitazama chake. Kisha akanipokonya kikombe changu mkononi, taratibu, kama mtu anayechukua kitu chake, na hapo hapo akaniwekea kile cha kijani.

"Si mulisema wote ni sawa?" akasema, na hakupunguza sauti.

Akanywa. Kanisa zima lilikuwa limegeuka, hata mchungaji alikuwa ameacha kusoma, na yule kijana mtafsiri alisimama na kipaza sauti asijue lipi la kusema, kwa sababu hakuna aliyekuwa amempa maneno. Nilikishika kile kikombe. Ukingo wake ulikuwa na alama za meno. Mkono wangu ulisita, niseme hivyo kwa kuwa ni kweli, mkono uliofundishwa na watu nisiowakumbuka. Halafu nikanywa, nikamaliza.

Mama yule mgeni alimshika mwanawe mkono, akanong'ona kitu kuhusu choo, wakatoka. Hawakurudi benchini kwetu.

Wazee hawakuja na soda mara hii. Kanuni yao tuliifuata, kila mtu alileta kikombe chake. Njia ya hadi lami tunaitembea pamoja tena, na malalamiko yamerudi yote, ya jua na ya kwaya. Benchi lile linakalisha watu watano. Tunakaa wawili, na mikoba yetu tunaiweka pembeni, nafasi ipo.