Niliziba Ekzosi kwa Blanketi, Fundi Akapoteza Jicho

Mimi ndiye mkosaji. Nalitanguliza hilo mapema, usije ukafika katikati ukaanza kunionea huruma. Huruma yako itunze, kuna mtu anayeistahili kuliko mimi. Yuko Gehandu, ana jicho moja.

Jina langu sitaji. Wa huku Mbulu watanijua tu, na wacha wanijue.

Mimi ni mwanaume niliyejitengeneza mwenyewe. Shule niliishia darasa la nne, nyumbani kulikuwa na ng'ombe wa kuchunga na hakukuwa na mwingine. Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, bati la rangi, na shamba la mahindi na maharage Maretadu ambalo ukisimama huku huoni linakoishia. Ile nyumba niliisimamisha kwa mikono hii, hakuna fundi aliyenichorea hata mstari. Sisemi haya kujisifu. Au basi, najisifu, nimezoea! Lakini kosa langu lilianzia hapo hapo, kwa hiyo lazima ulijue.

Nilinunua pikipiki kubwa. Nikaitoa ekzosi iliyokuja nayo, lile bomba la moshi, nikaweka ile ya wazi, ya kelele. Jamani, ile kelele! Nikitoka Mbulu mjini, mke wangu ananisikia nikiwa bado kwenye kona za mlima, anabandika maji ya ugali. Watoto wa shule wanajipanga barabarani. Nilikuwa najiona kama mkuu wa mkoa anapita.

Wengine hawakufurahi. Ng'ombe wa jirani walikurupuka wakivuta jembe, wakakata kamba. Kina mama wa zahanati wakalalamika. Mwisho mtendaji wa kijiji akanisimamisha mkutanoni, mbele ya watu wote.

"Mzee, hiyo pikipiki inyamaze. Ukipita tena na kelele hiyo, inalala ofisini kwangu."

Watu wakapiga makofi! Mimi, nipigiwe makofi kwa kunyamazishwa! Nilitoka pale damu inachemka.

Kesho yake nikaenda senta kwa fundi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mtu wa Gehandu, kule Hanang, wa familia ya wafugaji. Alipanda huku juu peke yake, akasimamisha kibanda, akawa anachomelea mageti na mabomba ya pikipiki. Mtu mpole sana. Akikuona anaweka chini alichoshika, ndipo anakuamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii ekzosi nataka inyamaze leo."

Akainama, akachungulia ndani. "Inanyamaza mzee, ila si leo. Humu natakiwa niweke bomba dogo lenye matundu, halafu nilizungushie pamba yake maalumu, ile isiyoshika moto. Hiyo naagiza Babati. Niachie siku mbili."

"Siku mbili! Kwani unajenga kanisa?"

Akacheka kidogo. "Mzee, ukitia humu kitu cha kuungua, utakuwa umepanda jiko."

Waliokuwa wamekaa pale kibandani wakacheka hadi wakashika mbavu. Niliona giza. Nikamwambia, "Wewe mchunga mbuzi ndiye wa kunifundisha mimi moto?" Wakati mimi mwenyewe nimechunga! Alivaa miwani yake akarudi kazini.

Nikaenda nyumbani kujionyesha kwamba naweza. Nikachukua kipande cha bati, nikakitoboa kwa msumari, nikakikunja kiwe bomba. Pamba sina. Nikachukua blanketi la mtoto, nikalikata nusu, nikalizungushia pale, juu yake nikaweka stilwaya za kusugulia masufuria, nikafunga kwa waya. Nikalisukumia ndani ya ekzosi kwa mpini wa jembe. Mke wangu alikuwa mlangoni anachambua mboga.

"Baba watoto, hilo si blanketi la mtoto?"

"Kaa na mboga zako."

Nikawasha. Kimya! Ikawa inakoroma kama paka kwenye majivu. Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Nikashuka nayo senta, nikapita mbele ya kibanda taratibu.

"Fundi! Unasikia? Husikii! Basi ndiyo ujue."

Hakucheka safari hii. Alisimama akatazama moshi unavyotoka. "Mzee, naomba usiende nayo mbali."

Moshi ulikuwa na harufu ya kuungua, na mlimani pikipiki ilikuwa nzito kama imebeba magunia. Nikajiambia itazoea.

Siku ya nne ilikuwa ya kupiga maharage kwa mama mkwe wangu. Wa huku mnajua. Maharage yakikauka yanarundikwa uani, majirani wanakuja na fimbo, wanayapiga kwa zamu na nyimbo mpaka yatoke kwenye maganda. Na mkwe ni mtu wa heshima, humsogelei ovyo. Unasimama mbali, unatuma salamu. Lakini mama yule alikuwa amelalamika sana kwa mke wangu juu ya kelele yangu, nami nikataka akisikie kimya changu kwa masikio yake. Nikaingia na pikipiki mpaka uani, nyuma ya pikipiki ikielekea lile rundo la maharage.

Kilima cha kufika pale ni kikali. Ekzosi ilikuwa imeiva, nyekundu, na mimi sikushuka kuiangalia. Watu wakasimamisha fimbo zao kunitazama. Nikasema, "Haya, nani anaisikia?" Nikavuta mafuta mpaka mwisho.

Paaa!

Blanketi lote likatoka kama bonge la moto, likatua katikati ya rundo. Maharage makavu, upepo wa mchana! Kabla sijateremka, moto ulikuwa juu ya vichwa vya watu. Wanawake wakapiga mayowe. Wanaume wakaanza kuupiga moto kwa fimbo zile zile, na kila wakipiga cheche zinaruka mbali zaidi. Zikashika zizi. Ndama wawili walikuwa wamefungwa ndani. Sitausahau mlio wao mpaka nafukiwa. Jasho la mwaka mzima la yule mama likawa majivu tunatazama.

Halafu wakanigeukia. Watu kama ishirini, nyuso nyeusi kwa moshi, fimbo mkononi. Shemeji yangu akanikaba shati kooni.

"Nani katengeneza hili bomba? Sema! Nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Ni neno moja tu: mimi. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama pale, kitenge chake kimeungua pindo, ananitazama. Mimi niliyejenga nyumba bila fundi! Mimi!

Nikasema, "Ni yule fundi wa Gehandu."

Na nikaongeza. Hakuna aliyenituma kuongeza! Nikasema, "Nilimwambia aweke pamba, akanijibu nitajua mwenyewe. Hawa watu wa bondeni hawatutakii mema."

Ningetaja mtoto wa hapa, wangeuliza maswali. Kwa mtu wa Gehandu hakuuliza hata mmoja. Nami nilijua hawatauliza. Ndiyo maana nilimtaja.

Walikimbia mpaka senta, na mimi mbele yao kama kiongozi. Fundi alikuwa anachomelea geti. Akatuona, akazima mashine, akavua miwani, akaiweka chini.

"Shikamoo mzee," akaniambia mimi.

Fimbo ya kwanza ilimkuta hajamaliza kuniamkia!

Akaangukia lile geti la moto. Wakamvuta miguu mpaka barabarani. Fimbo ya kupigia maharage ni ngumu, haivunjiki, imechaguliwa kwa kazi. Walimpiga mgongo, magoti, kichwa. Alipoinua mkono wa kulia ajikinge, niliusikia ukivunjika, kama unavyovunja kuni kavu gotini. Damu ikachanganyika na vumbi ikawa tope. Watu wengine wametoa simu wanachukua video. Na muda wote ule alikuwa ananitafuta mimi kwa macho katikati ya miguu ya watu.

"Mzee, waambie! Waambie nilikukatalia!"

Mmoja akasita. "Ngojeni. Anasema nini huyu?"

Fimbo zikapungua. Msomaji, nisikilize vizuri hapa. Watu walikuwa wamesimama! Walikuwa wanangoja niseme! Neno langu moja lingemwinua yule kijana pale chini, mkono umevunjika, ndiyo, lakini macho yote mawili yangekuwa yake.

Nikampiga teke la mdomo ili asimalize.

Kisha nikamnyang'anya fimbo mtu wa karibu, nikampiga usoni. Iliyotoa jicho ni ile. Wapo wanaosema ilikuwa vurugu, haijulikani ni nani. Waongo. Mimi najua. Niliuona mkono wangu ukishuka.

Aliyemwokoa ni mama mmoja anayeuza chai na mandazi pale senta. Alikuja mbio na aproni yake, akajilaza mzima mzima juu ya fundi.

"Haya, nipigeni na mimi! Si mna njaa ya nyama leo? Anzeni na mimi!"

Hakuna aliyempiga. Fimbo zikaanza kushuka moja moja. Watu wakatazamana kama wameamka usingizini. Fundi alipakiwa kwenye gari lililokuwa limebeba viazi, akapelekwa hospitali.

Mimi nikarudi nyumbani, nikanawa mikono, nikala. Ndiyo, nilikula!

Siku ya tatu mke wangu akaniwekea kitu mezani. Ile nusu ya blanketi iliyobaki. Hakupandisha sauti.

"Utasema wewe, au niseme mimi?"

"Ukifungua mdomo nakuvunja taya."

"Basi nitaufungulia mbali na mikono yako." Akachukua watoto akaenda kwa mama yake. Mpaka leo hajarudi.

Wazee waliniita, maana mke wangu alikuwa ameshasema. Nilidhani mama mkwe atalia juu ya maharage yake na ndama wake. Aligoma hata kuvitaja. Alisema mbele ya wote, na alikuwa hajawahi kunisemesha moja kwa moja tangu nimuoe binti yake:

"Maharage nitalima mengine. Jicho la mtoto wa watu, wewe utalilima shamba gani?"

Nikatengwa. Huku kwetu mtu akitengwa hapigwi, na ni heri angepigwa! Hakuna wa kukusalimia. Hakuna anayekuja kwenye kazi yako wala wewe huitwi kwenye yake. Ng'ombe wako hawachungwi na wa wenzako. Unafika senta watu wanahama benchi. Polisi nao walinichukua, na kesi ipo, hiyo siizungumzii hapa. Lakini nakuambia, mahabusu kulikuwa na watu wa kuongea nao. Nyumbani kwangu, kwenye ile nyumba nzuri, hakuna.

Niliteremka Gehandu kumwona. Alikuwa amerudi kwao. Kaka zake waliponiona mmoja akanyanyuka na fimbo, baba yao akasema neno moja kwa lugha yao, yule mwenye fimbo akakaa. Fundi alikuwa kwenye kigoda, kitambaa jichoni, vidole vya kulia vimekunjamana havifunguki. Hakuniamkia. Nikapiga magoti, mimi mzee, mbele ya kijana.

"Umekuja kuomba msamaha," akaniuliza, "au umekuja kutua mzigo?"

"Msamaha, mwanangu."

"Mimi si mwanao. Nikikusamehe, huu mkono utashika mashine?"

Nikavitazama vile vidole.

"Ile video imefika mpaka huku. Nikienda mnadani watu wananinyooshea vidole, huyu ndiye aliyechoma mavuno ya mama wa watu. Uongo wako uliusema mchana, mbele ya watu ishirini. Ukweli umekuja kuninong'oneza mimi ninayeujua. Nenda. Kauseme kwa wasioujua."

Ndiyo maana naandika. Si kwamba nimekuwa mtu mwema. Nimetumwa, na safari hii nimekubali kutumwa.

Ndugu yangu mwenye pikipiki ya kelele, wahi kuinyamazisha kabla hujaitiwa mkutano. Mpe fundi, muachie hizo siku mbili. Usitie kitambaa humo, wala gunia, wala chochote kinachoshika moto. Na wewe unayejiona umejitengeneza mwenyewe kama mimi, siku ukiulizwa ni nani kafanya, taja jina lako. Linauma mara moja tu. La mwenzako nimelitaja mwaka huu na linaniuma kila nikiamka.

Na wewe uliyekuwa na fimbo siku ile, ulimpiga mtu asiye na kosa. Nilikudanganya.

Ile video bado inazunguka kwenye simu za watu. Ukiletewa, usiipeleke mbele bila kusema hivi: kijana aliyelala chini ni fundi aliyeikataa kazi mbovu. Aliyeharibu ni yule aliyesimama juu yake, mwenye koti la kijani, anayeinua fimbo wakati wenzake wamesimama.

Ndiye mimi.