Waya Ukutani kwa Muuza Maji

Sijamsamehe, na sina haraka ya kumsamehe. Mtu mwenyewe alikuwa na kisima pekee cha maji safi kwenye avenyu yetu, hapa Musonoi, Kolwezi, na avenyu nzima ilimpigia magoti. Siku moja mama yangu alichelewa kusogeza bidoni lake la maji kwenye mulongo, ile foleni ya kuchota. Jamaa akalipiga teke, kisha akasema mbele ya majirani, "Muzee kama weye, unaoga ya nini?" Mama alirudi nyumbani na bidoni tupu. Mi ndiye niliyesema, na mengi hayaandikiki.

Kazi yangu ni kutafuta maji chini ya ardhi kwa umeme. Tunapigilia vyuma ardhini, tunaviunganisha na betri kwa waya, tunapitisha umeme. Mwamba mkavu unaukataa. Udongo wenye maji unaupitisha. Parokia ilipotaka kuchimbia mtaa wetu kisima, niliomba kazi hiyo niifanye mwenyewe. Nilitaka mama achote maji bila kumwamkia yule mtu tena.

Waya wetu ulipita kando ya ukuta wake. Pale ukinzani ukashuka ghafla, yaani umeme ulipita kwa urahisi, tukapima upya, tukainamia mashini ya kupimia kwa muda mrefu. Akatoka getini, akaniuliza kwa sauti tamu kama asali.

"Eh mama, iko nini hapa? Kobalti?"

Kolwezi hii! Mtu akiona waya ardhini hawazi maji hata kidogo. Kuna watu wametoboa sakafu za vyumba vyao wenyewe wakifuata kobalti. Nilijua kabisa alichokuwa anawaza, na neno moja tu lingemzuia. Sikulitoa. Nilikunja waya wangu, nikamwambia, "Kazi ni kazi, tata," tukasonga mbele.

Kesho yake akaingiza wachimbaji kwenye paseli ya nyumba yake. Nikipita asubuhi nilisikia sururu nyuma ya ukuta, na moyo wangu, kusema kweli, ulikuwa unacheza. Sisi mahali petu pa kuchimba tulipapata mbali na kwake, kwenye kiwanja cha kanisa. Pampu ikafungwa, mama akachota, na yule jamaa bado anachimba tu.

Shimo lake lilipofika ubavuni mwa kisima chake mwenyewe, udongo ukabomoka wote kwa mpigo. Wachimbaji walitoka wazima, asante Mungu. Kisima kilijaa matope mpaka juu.

Nilipopita njiani, yule jamaa akaniita niingie. Alikuwa amesimama ukingoni, suruali imelowa tope, mikono mitupu.

"Mama, ile mashini yako ilionaka nini hapa?"

"Mayi, tata," nilimwambia polepole, asikose hata neno. "Ilionaka mayi ya kisima yako."

Akaketi pale pale kwenye tope. Ningeweza kumpa mkono asimame. Lakini nilikuwa na njaa, nikaenda zangu kula bukari.