Ukingo Unaomeza Mawimbi

Kheiria aliletwa Maskati akiwa mtoto wa kubebwa, akakulia Khuwair ya Kusini: Kiswahili nyumbani, Kiarabu shuleni, Kiingereza kwenye hesabu. Mwaka 1999 alikuwa akimalizia shahada ya pili ya fizikia, na Ijumaa moja aliogopa kuliko siku zote za maisha yake.

Kwa miaka miwili alikuwa amejenga ndani ya kompyuta kisanduku cha plazma, gesi iliyochomwa mpaka ikapasuka kuwa chembe za umeme, laki mbili kwa hesabu yake, zikisukumana na kuzaa mawimbi. Humo lilichipua wimbi moja ambalo hakuna aliyewahi kulieleza. Wimbi hilo ndilo lililokuwa shahada yake. Kesho yake asubuhi angesimama nalo mbele ya walimu watatu.

Sasa, anga halina ukuta, kisanduku kinao. Kwa hiyo pembezoni aliweka tabaka la kumeza mawimbi, yafike pale yafe, yasigonge yakarudi. Asubuhi ya Ijumaa hiyo, kwa kujaribu tu, alikipanua kisanduku maradufu. Wimbi lake likachelewa maradufu.

Wimbi la kweli lingejuaje ukuta uko wapi?

Mama yake, Bi Bakhita, akaingia na mkate wa ufuta. "Hujatia kitu kinywani. Hiyo kompyuta imekuroga?"

"Mama, nnaogopa."

"Waogopa kitu ulichokitengeneza mwenyewe?"

"Ndo maana nnaogopa."

Baada ya sala ya Ijumaa akaja Harub, mtoto wa mjomba wake, aliyemtangulia chuoni. Ndiye aliyempa namba za ukali wa lile tabaka, kumi kwa mstari mmoja, kwa mwandiko wake, bila neno la kuonyesha pa kuanzia.

"Ulianzia wapi kuzisoma?" Harub akauliza, Kheiria alipomwonyesha matokeo na karatasi ile.

Kheiria akagusa upande wa kushoto wa karatasi.

Harub akajifuta uso. "Bibi wee, umezisoma namba zangu kama Mngereza. Mie nlianzia upande wa kulia, kama Kiarabu."

Tabaka lilipaswa kuanza kwa upole, wimbi liingie bila kujua, kisha tabaka likaze kidogo kidogo mpaka limzimishe mgeni wake. La Kheiria lilianza na ukali wote. Wimbi lilipofika lilikuta ukuta, likarudi.

Akazigeuza namba. Wakakaa kwa muda wa saa nne kuisubiri kompyuta, chai ikapoa mara mbili. Chembe zilichemka, mawimbi yakaenda pembezoni yakafa vizuri. Wimbi lake halikutokea.

"Usiseme," Harub alinong'ona. "Nani atakipanua kisanduku chako? Hao wazee?"

Kheiria alimtazama. Kwa kitambo alitamani kumtii. Kisha akainua simu akampigia mwalimu wake, Dokta Loai.

"Ustadhi, wimbi langu lilikuwa mwangwi. Tabaka la pembezoni nililiweka kinyume."

Kheiria alisikia karatasi zikifunuliwa upande wa pili, pengine zake.

"Nani kaligundua kosa?"

"Mimi, Ustadhi. Leo."

"Njoo kesho saa tatu. Uje na visanduku vyote viwili, cha kwanza na hiki."

"Nitafaulu?"

"Njoo saa tatu," akarudia, na simu ikakatika.

Kheiria akaiweka chini. Harub alikuwa akimwuliza kasema nini, naye akavuta kiti mbele ya kompyuta, aviandae visanduku vyote viwili.