Mita Kumi za Mwalimu Inka

Jairus Osundwa alifundisha miaka thelathini na moja katika shule moja ya msingi hapa Shinyalu, na katika miaka hiyo yote sijui kama aliwahi kumaliza kitabu kimoja. Nina haki ya kusema, maana meza yangu ilitazamana na yake miaka kumi na tisa. Alikuwa msomaji wa vichwa vya sura. Atafungua, asome maneno yaliyokolezwa wino, atazame picha, afunge, kisha aingie darasani na kufundisha kwa sauti ya mtu aliyekuwepo mambo yalipotokea.

Kitabu kilichomharibu aliachiwa na mtafiti mmoja mzungu aliyekuja kuhesabu vipepeo msituni. Kilikuwa kinene na kilihusu Wainka, watu wa milima ya Peru ambao nchi yao ilikuwa ndefu kama kutoka hapa hadi Misri. Waliitawala bila chuma, bila gurudumu, na bila maandishi isipokuwa kamba zenye mafundo. Walipanga mawe ya kuta bila saruji, na hata kisu hakipenyi katikati. Ni mambo ya kumshangaza mtu yeyote mwenye akili, na Jairus naye yakamshangaza.

Tangu siku hiyo hatukupumua. Fahali wake akaitwa Pachakuti, jina la mfalme wao mkubwa. Shamba lake la majani chai, robo ekari nzima, likaitwa Kusko kama mji wao mkuu. Watoto wa darasa la sita waliopaswa kujua mito ya Kenya wakajua wafalme wa "Pelu". Watu walimwita Mwalimu Inka kwa kumcheka, naye akadhani ni heshima. Alipostaafu alichonga muhuri wenye jina hilo.

Lakini alichokipenda kuliko vyote ni mita. Kitabu kilikuwa na sura nzima yenye kichwa hicho, Mita, na chini yake picha ya wanaume wakijenga barabara. Jairus akaelewa kama anavyoelewa yeye, kwamba Wainka walikuwa watu wa vipimo.

"Kira mtu aripewa mita zake," alikuwa akituambia chai ikipoa. "Ndiyo maana barabara zao zirifika kirometa erufu arobaini. Sisi hatupimangi kitu."

Hakuna aliyemuuliza Wainka waliipata wapi mita kabla Wafaransa hawajaibuni. Mimi sikumuuliza kwa sababu nilipenda kumsikiliza akijiaibisha.

Mwaka jana mvua ya Aprili ilibomoa njia ya kuteremka chemchemini, tunakoteka maji nyumba kumi na nane. Jairus alikuwa mwenyekiti wa kamati ya chemchemi, cheo ambacho hakuna mwingine aliyekitaka, na akaona siku yake imefika. Tungejenga ngazi za mawe kama Wainka. Akaazima utepe wa fundi seremala, akashuka mteremko akipigilia vijiti. Kila nyumba ilipewa mita kumi za kuchimba na kupanga mawe, kwa wiki tatu. Asiyemaliza hateki maji.

Nyumba ya Wandera ina vijana watano wenye vifua, mita kumi. Nyumba ya Namalwa ina Namalwa peke yake, mita kumi. Ni mjane wa miaka sabini na moja, na mguu wake wa kushoto una chuma ndani tangu aanguke akiokota kuni. Vijiti vyake viliangukia penye kona, pabaya kuliko pote.

"Mwalimu, mimi nitaweza kweli?" alimuuliza mbele yetu.

"Mita ni mita, mama," Jairus akasema. "Tukianza kupunguzia watu, hiyo si Inka tena."

Chemchemi nyingine iko ng'ambo ya kilima, mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye miguu miwili mizima. Namalwa akaenda nyumbani akachukua jembe.

Kuna waliomkumbusha Jairus kwamba katika picha zake mwenyewe wachimbaji wanamiminiwa pombe ya mahindi, busaa kabisa. Jairus, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, alijibu kwamba huo ulikuwa uji. Hata huo uji hatukuuona. Tulichimba na njaa zetu.

Wiki ya kwanza ikielekea kwisha nilimwomba kitabu, kwa uchokozi tu. Alinipa mbele ya waumini wote nje ya kanisa, akitabasamu, akidhani nimeongoka. Jioni hiyo niliisoma sura ya mita, na mistari minne ya kwanza ilitosha. Mita kwa lugha ya Wainka ni zamu. Watu waliifanyia kazi serikali kwa zamu, na mfalme alipaswa kuwalisha na kuwanywesha siku zote za kazi. Ukurasa uliofuata ulisema kwamba wajane, wagonjwa na wazee hawakudaiwa zamu. Mashamba yao ndiyo yaliyolimwa na wanakijiji kwanza, kabla ya shamba la mfalme.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Miaka yote ile, na jibu liko chini ya kichwa cha sura! Nikatia kipande cha karatasi katika ukurasa, nikangoja. Mkutano wa kukagua kazi ulikuwa Jumamosi ya mwisho, na nilitaka kumvua nguo mbele ya watu wote. Niliandika hata maneno nitakayosema.

Siku hiyo Jairus alipita na utepe wake kutoka juu hadi chini akisema "Sawa, sawa," kama mkaguzi wa serikali. Alipomaliza nikasimama, nikafungua kitabu, nikasoma polepole nikitafsiri. Zamu. Wajane kwanza. Watu wakaanza kucheka, na kijana mmoja wa Wandera akapaza sauti, "Mwalimu Zamu!" Mteremko mzima ukaitikia.

Jairus aliukunja utepe wake. "Hiyo ni mita ya Pelu," akasema. "Sisi turikuwa tunatumia ya Kenya."

Wakazidi kucheka. Nami, nakiri, sikuwahi kufurahi vile tangu nistaafu.

Namalwa alikuwa ameketi juu ya jiwe lake la mwisho. Mita zake kumi zilikuwa zimeisha tangu Alhamisi. Viganja alikuwa amevifunga vitambaa, na mguu wenye chuma ulikuwa umevimba hata kiatu hakiingii. Hakucheka.

"Madam Gentrix," aliniita, "hayo maneno umeyasoma lini?"

Ningependa kusema jana, lakini kanisa zima liliniona nikikabidhiwa kitabu.

"Wiki mbili zilizopita, senje," nikamjibu, kama tunavyowaita shangazi huku kwetu.

"Wiki mbili," akasema. "Na kila asubuhi unapitanga hapa na mtungi wako ukiniambia pole na kazi."

Ilikuwa kweli. Kicheko kilikatika, na watu waliokuwa wakimtazama Jairus wakanigeukia mimi. Maneno yote niliyoyaandaa yalimhusu Jairus. Nikafunga kitabu.

Aliyesogea ni Jairus. Hakuomba msamaha, na sidhani hata alijua kwamba anapaswa kuomba. Alitia utepe mfukoni, akainama, akashika mtungi wa Namalwa uliokuwa kando ya jiwe.

"Reta, mama," akasema. "Leo ni zamu yangu."

Namalwa akamwachia. Kesho yake akambebea tena, na mpaka leo anambebea, mpumbavu yule, kila siku asubuhi. Mimi nikipita humsalimu Namalwa, naye haitikii.