Ngozi Kwenye Karai

Mume wangu alipostaafu kutoka kiwanda cha majani chai, alikuwa akizunguka boma kutwa kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alikuwa ameendesha mitambo ya kukaushia majani tangu ujana wake, na mikono yake haikujua kutulia. Aliwagombeza wachumaji wa shamba letu la chai, akawagombeza kuku, akanigombeza na mimi. Presha ikapanda. Daktari wa mjini Kisii akamwambia, nikiwa nimeketi kando, atafute jambo jepesi la kufanya nyumbani, jambo la kufurahisha moyo tu.

Binti yetu aliyeko Nairobi alipopata habari akatuma mawazo yake kwa simu: kuchora, kupanda maua kwenye mikebe, kuunganisha vipande vya picha. Mimi nikamwonyesha mume wangu jinsi ya kufuma vitambaa vya viti, maana hiyo ndiyo starehe yangu. Alishika sindano yangu, akaigeuzageuza, akanirudishia.

"Mama," akasema, "mimi nataka kitu chenye sauti."

Siku chache baadaye alirudi kutoka soko la Nyakoe na gunia begani. Alilitua kwenye sakafu ya sebule, na kilichokuwamo kikajimwaga kama tope. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe, mbichi, aliyoipata kwa mwenye bucha. Bado ilikuwa na mafuta ya manjano na utando mweupe wenye michirizi ya damu. Upande wa mkia kinyesi kilikuwa kimegandamana na manyoya.

"Nitatengeneza obokano," alisema.

Obokano ni kile kinubi kikubwa chetu Wagusii, chenye nyuzi nane na bakuli la mti lililowambwa ngozi. Babu yake alikuwa mpigaji, na kila tulipokisikia kwenye harusi mume wangu alikuwa akinyamaza hadi mwisho. Nilijua hilo. Nilichouliza ni mahali atakapoiweka ngozi ile.

"Nje mbwa wataila," alinijibu. "Nitaiweka chumba cha watoto. Watoto wenyewe walishaondoka."

Akachukua karai langu kubwa, lile la kufulia blanketi, akatia maji na majivu, akaizamisha ngozi humo.

Mwanzoni ilikuwa shombo tu, kama ya bucha saa za kufunga. Kisha ikageuka. Uvundo ulipita chini ya mlango, ukaingia kwenye mapazia, kwenye unga, kwenye nguo nilizokwisha kuzipiga pasi. Ulikuwa na utamu ndani yake, na huo utamu ndio ulionishinda. Kinyesi kinanuka na mtu anajua ni kinyesi. Huu uliniingia mdomoni, nikawa nikimeza mate na kuhisi kana kwamba nimeonja kitu.

Yeye alikuwa na furaha. Kila asubuhi baada ya chai alikaa kwenye kigoda, akakunja mikono ya shati na kunyonyoa manyoya kwa vishungi, huku akiimba nyimbo za kanisani. Nikiwa jikoni nilisikia yale manyoya yakiachia ngozi, mlio mdogo wa majimaji. Ukifika wakati wa chakula alinawa kwa sabuni, tena alinawa kweli. Lakini siku moja alipokata tonge na kulichovya kwenye bakuli letu la mboga ya chinsaga, niliona unywele mwekundu wa ng'ombe umenata kwenye kifundo cha kidole chake. Tangu hapo nilijipakulia mboga yangu kando. Sikumweleza sababu, naye hakuuliza.

Alipokwenda kupimwa, presha ilikuwa imeshuka. Sasa ningesema nini?

Ikafika Sabato ambayo akina mama wa kanisa letu walikuwa na zamu ya kula kwetu. Nilipiga deki, nikafungua madirisha yote, nikachoma majani ya mkaratusi uani. Wageni wakaketi, tukaomba, chai ikamiminwa. Kiongozi wetu, mama mmoja mpole ambaye hata kukohoa hukohoa kwa adabu, alifunika pua kwa ncha ya leso.

"Dada yangu," alininong'oneza, "nafikiri kuna panya amekufia mahali humu."

Kabla sijajibu, mume wangu akasikia. Nadhani alidhani amepata nafasi ya kujisifu.

"Si panya, mama. Ni kazi yangu. Ngojeni niwaonyeshe."

Alikwenda chumbani, akarudi ameishika ile ngozi kwa mikono miwili, ikichuruzika maji ya kijivu kwenye zulia. Nzi walimfuata kama msafara. Mmoja alitumbukia kwenye kikombe cha kiongozi wetu na kuanza kupigapiga mbawa kwenye chai ya maziwa. Yule mama alikitua kikombe polepole, akatoka nje, na tukamsikia akitapika kwenye ua wa miiba ya kiapuli. Waliobaki waliniangalia mimi, si mume wangu. Mwanamke ndiye anayeambiwa nyumba yake inanuka.

Kesho yake mume wangu alikwenda Tabaka kumwona rafiki yake mchongaji, amchongee bakuli la mti. Mimi nilifunga leso puani, nikaingia chumbani na mti mrefu. Nilipoiinua ngozi, upande wa chini ulikuwa ukitembea. Sikuelewa mara moja. Nilifikiri ni maji yanayotetemeka. Yalikuwa mabuu, meupe, manene, yamejazana kwenye mikunjo kama wali, na mengine yakaanza kudondoka karibu na vidole vyangu vya miguu. Niliburuta karai hadi migombani, nikatapika, nikachimba shimo, nikatapika tena, nikafukia vyote viwili, ngozi na karai.

Aliporudi nilimwambia palepale mlangoni. Aliketi kwenye ngazi.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Nilikuwa nakusikia ukiimba."

Hakunikasirikia. Alirudi kwa mwenye bucha, na ngozi ya pili aliitandaza nje wakati wa jua kali, akaipigilia kwenye fremu ya miti nyuma ya zizi na kuilinda yeye mwenyewe dhidi ya mbwa, akiwa na kigoda na redio. Ilikauka bila kuoza. Aliiwamba kwenye bakuli la mti, akafunga nyuzi za kano za ng'ombe alizozikwangua kwa kisu, kazi ambayo nilikataa hata kuitazama. Siku alipoijaribu obokano yake ilinguruma kwa sauti nzito ya chini, na jirani akaja hadi kwenye ua kusikiliza. Ni sauti nzuri. Hilo siwezi kulikana.

Ila sijawahi kuigusa. Masika yakiingia ngozi hunyonya unyevu, na ile harufu huamka, kidogo tu, na koo langu linaijua kabla ya pua. Likizo iliyopita binti yetu alikuja na mtoto wake. Mume wangu alikuwa akipiga, na mjukuu akasogea, akalaza shavu kwenye ngozi ile ili asikie mtetemo, akafumba macho. Babu yake akacheka. Mimi niliinuka, nikaenda kuchemsha maji ya kumwosha mtoto uso.