Duka Lililomnyamazia Mtoto

Wiki hii niliingia duka moja la redio na simu hapa Lubumbashi, muziki ukipigwa kwa nguvu hata bei tunaulizana kwa vidole. Mlangoni akatokea mama kijana, mtoto mchanga kifuani, kiganja chake kimefunika sikio la mtoto. Muuzaji alipomwona alizima muziki bila kuambiwa.

Mama alitaka kamera ndogo.

"Iyi iko na zoom, inavuta mpaka mbali," muuzaji akasema.

"Mbali ya kufanya nini, papa? Mutoto iko hapa ku mukono. Alizaliwa mbele ya wakati, usingizi njo dawa yake. Minatafuta yenye haitamulamusha."

Muuzaji akampiga mtoto picha kwa kamera ya kwanza, ikatoa flash. Mtoto akakunja uso, sote tukabana pumzi, lakini hakuamka. Ya pili haikutoa mwanga wala mlio.

Muuzaji akaitazama picha, akacheka chinichini. Nyuma ya mtoto tulionekana wateja wote, kila mmoja kidole mdomoni.

"Mama, niifute? Aba bantu ba nyuma banaharibu picha."

"Hapana, papa, usifute. Aba bantu njo ba kwanza kumuchunga inje ya hospitali." Akailipia kamera hiyo ya pili.

Mjini kwetu misafara ya wakubwa hupita na ving'ora, nasi hatukatishi hata mazungumzo. Kwa mtoto yule tulinyamaza bila kuombwa.

Nashukuru nimo kwenye picha ile. Siku moja mtoto ataonyesha kichwa changu na kuuliza huyu mwenye upara ni nani, na mama yake atamjibu: "Sijue jina yake. Alikunyamazia."